Anaanguka usiku, msaidizi analipwa mchana: uchambuzi wa kisa cha mzee aliyekaribia kuhamishwa nyumbani kwake

Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa kwa mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi zenye mzee, na fedha zake zimepimwa kwa mafungu badala ya sarafu: pato lote la mzee kwa mwezi ni mafungu 100. Msomaji akiweka sarafu yake, uwiano utabaki uleule.

Anayehusika ni mama mjane wa miaka 79. Tumwite Bi Mkubwa. Anaishi peke yake katika nyumba yake mwenyewe. Akili iko timamu, macho yamepungua nguvu, magoti yanamsumbua, na presha anayo kwa miaka mingi. Ana watoto watatu, na kama ilivyo katika familia nyingi, mzigo umemwangukia mmoja, binti wa kwanza.

Usiku mmoja Bi Mkubwa alianguka akienda chooni. Familia ikashtuka, ikaajiri msaidizi wa nyumbani wa saa 8 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Miezi mitano baadaye akaanguka tena, akachanika paji la uso, akalazwa siku tatu. Safari hii pia ilikuwa usiku, na safari hii pia alikuwa anakwenda chooni.

Kikao cha familia kilitoka na mapendekezo mawili: kuajiri msaidizi wa pili wa usiku, au kuuza nyumba na kumpeleka mama makao ya wazee. Msaidizi wa usiku angeongeza mafungu 60 kwa mwezi juu ya 138 zilizokuwa zikitumika tayari, jumla 198. Makao yalitaka 190. Kwa hesabu hiyo makao yakaonekana nafuu, na karatasi za kuuza nyumba zikaanza kutafutwa. Wazee wengi huhamishwa namna hii, na watu wanaowapenda, kwa sababu namba mbili zimelinganishwa na hakuna aliyeuliza kama ile ya kwanza ilistahili kuwa kubwa kiasi hicho.

"Mwanangu," Bi Mkubwa alimwambia bintiye, "mchana sijaanguka hata siku moja." Jibu lilikuwa ndani ya maneno hayo. Kikao kiliyapita.

Fedha zilikokwenda

Kazi ya kwanza ni daftari la siku 30. Bajeti ya kukisia haifai, kwa sababu kila mtu hukumbuka bili zinazomuudhi na kusahau zile ndogo za kila siku. Kinachotoka kinaandikwa siku hiyohiyo. Malipo yasiyokuja kila mwezi, kama bima, kodi ya jengo na ukarabati wa paa, yanajumlishwa kwa mwaka mzima kisha yanagawanywa kwa 12. Usipofanya hivyo, mwezi mmoja utaonekana wa neema na unaofuata utaonekana wa balaa.

Daftari la Bi Mkubwa lilisema hivi: msaidizi 45, chakula 26, dawa 18, umeme 14, marejesho ya mikopo 12, maji 9, nyumba yenyewe 8, usafiri wa kwenda hospitali 6. Jumla 138. Pengo la 38 lilizibwa na binti kwa mafungu 26, na 12 zilizobaki zilikopwa. Tazama namba hiyo: 12 zinakopwa, 12 zinarejeshwa. Mkopo ulikuwa unalipwa kwa mkopo, kila mwezi.

Familia ilikuwa imeanza kubana chakula, kwa kuwa ndicho rahisi kupunguza bila kumwomba mtu ruhusa. Hapo ni mahali pabaya kuliko pote pa kuanzia. Mzee anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akikosa, misuli ya mapaja ndiyo inayoyeyuka, na mapaja ndiyo yanayomnyanyua kutoka kitini na chooni. Mizani ilionyesha Bi Mkubwa ametoka kilo 62 hadi 58 ndani ya nusu mwaka, zaidi ya asilimia 6. Mzee akipoteza asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, hiyo ni dalili ya kumwona daktari. Kwa hiyo fungu la chakula halikuguswa ila kuongezwa, likawa 27.

Saa 24 kwenye karatasi

Kazi ya pili ni jedwali la saa 24 kwa siku 7: alifanya nini, saa ngapi, alisaidiwa na nani, kwa dakika ngapi. Kipimo cha kutumia kipo tangu zamani. Sidney Katz na wenzake walichapisha mwaka 1963 orodha ya mambo sita ya msingi: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakaongeza manane ya kuendesha maisha: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, kusimamia dawa, kusimamia fedha. Kila jambo linajibiwa moja kati ya matatu: anafanya mwenyewe, anafanya akisaidiwa, hawezi kabisa. Usikubali jibu la "anahitaji uangalizi". Neno hilo halina dakika ndani yake, na kitu kisicho na dakika hulipiwa siku nzima.

Bi Mkubwa alihitaji msaada wa kuoga, kuvaa viatu na nguo za chini, kupika chakula kikuu, kufua, manunuzi na kupangiwa dawa. Mengine alifanya mwenyewe, polepole. Jedwali lilionyesha mambo mawili. Kati ya saa 8 za msaidizi, kazi halisi ilichukua takribani saa 3. Na Bi Mkubwa aliamka kwenda chooni mara nne kila usiku, mbili kati ya hizo kabla ya saa saba usiku.

Hapa kuna la kusema kwa ajili ya msaidizi. Zile saa 5 nyingine hazikuwa uvivu. Alikuwepo, aliongea na mzee, na mazungumzo nayo ni matunzo. Lakini familia ilikuwa imemwajiri ili mama asianguke, na saa alizokuwepo hazikuwa saa za kuanguka.

Mfuko wa dawa

Kwa nini mara nne? Hili ndilo swali lililofungua kila kitu, na kulijibu hakukugharimu zaidi ya meza na nusu saa.

Mwambie mzee atoe dawa zote alizonazo ndani ya nyumba, si orodha ya dawa: za droo, za mkoba, za jikoni, za dukani, za mitishamba, za jirani. Zipange mezani. Karatasi iwe na safu nne: jina la kiambato, ambalo mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kipimo, saa anayomeza kweli, nani aliandika na kwa tatizo gani. Safu ya nne ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu dawa isiyojulikana ilianzishwa kwa tatizo gani ni ya kuulizia kwanza.

Mezani kwa Bi Mkubwa zilikuwepo, pamoja na nyingine, amlodipini miligramu 10 na enalaprili kwa ajili ya presha, furosemidi miligramu 40 kwa ajili ya miguu kuvimba, diklofenaki ya dukani kwa ajili ya magoti, na parasetamoli mbili za majina tofauti ya biashara, zote akizimeza akidhani ni dawa mbili.

Sasa zisome kwa mpangilio wa tarehe. Amlodipini iliongezwa kutoka miligramu 5 hadi 10. Dawa hii hutanua mishipa midogo ya damu, na majimaji hupenya na kutuama kwenye vifundo vya miguu. Uvimbe huo huongezeka kadiri kipimo kinavyopanda, na huwapata wanawake zaidi. Wiki chache baadaye miguu ikavimba. Kliniki nyingine, bila kuona karatasi ya kwanza, ikaona miguu imevimba ikaandika furosemidi, dawa ya kukojoza. Lakini uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kukojoza huusaidia kidogo sana. Kazi yake nyingine iliendelea kama kawaida: kumkojoza mzee kwa muda wa saa sita hivi baada ya kumeza.

Na aliimeza saa ngapi? Pakiti iliandikwa "1 x 1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, bila saa. Bi Mkubwa alizoea kuimeza jioni, na msaidizi alipokuja akaendelea kuigawa pamoja na dawa za mwisho kabla ya kuondoka, saa kumi jioni. Hesabu kutoka hapo: nguvu yake ilifika hadi saa nne usiku na kupita kidogo. Juu ya hayo, mzee mwenye miguu iliyovimba akilala, maji yaliyotuama miguuni hurudi kwenye damu na figo huyatoa usiku. Mambo mawili yakakutana, na Bi Mkubwa akawa njiani kwenda chooni gizani mara nne.

Kipimo kimoja zaidi kilikamilisha picha. Mzee analala chali dakika 5, anapimwa presha. Anasimama, anapimwa dakika ya 1 na dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, anaposimama damu haifiki kichwani vya kutosha. Bi Mkubwa akiwa amelala alikuwa 148/80, akisimama 122/74. Kushuka kwa 26. Mtu wa namna hiyo akiinuka haraka kutoka kitandani, sakafu humzunguka.

Kwa hiyo mlolongo mzima unaanza na kidonge: amlodipini ikaleta uvimbe, uvimbe ukaleta furosemidi, furosemidi ikaleta safari za usiku, safari zikaleta anguko, anguko likaleta msaidizi wa mafungu 45, na anguko la pili likaleta wazo la kuuza nyumba.

Karatasi ilipelekwa kwa daktari mmoja aliyekubali kuwa msimamizi wa dawa zote. Alichunguza kwanza kama uvimbe haukutokana na moyo, figo, ini au kuganda kwa damu. Kisha akapunguza amlodipini hadi miligramu 5, akaondoa furosemidi huku akimfuatilia, akafuta diklofenaki na kubakiza parasetamoli moja pamoja na dawa ya kupaka magotini. Diklofenaki ilikuwa hatari kwa namna yake: ikikutana na enalaprili na furosemidi kwa mtu mmoja, figo zinaweza kushindwa, na peke yake hupandisha presha, yaani iliipa amlodipini kazi ya ziada. Presha ilipimwa nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 7 kabla ya kila uamuzi.

Hapa familia zikae macho. Usimwachishe mzee dawa nyumbani kwa kuwa umesoma kisa kama hiki. Kuna mzee ambaye moyo wake umechoka na furosemidi ndiyo inayozuia mapafu yasijae maji. Vidonge vinafanana, maisha hayafanani. Familia huandika karatasi, daktari huamua.

Baada ya wiki tatu vifundo vilirudi ukubwa wake. Usiku akawa anaamka mara moja, siku nyingine mbili. Gharama ya dawa ilishuka kutoka 18 hadi 13.

Hatua 11 kutoka kitandani hadi chooni

Mara moja kwa usiku bado ni safari, na njia ilihitaji kutengenezwa. Pima njia hii usiku, taa zikiwa kama zilivyo, ukiwa pekupeku kama mzee mwenyewe.

Kwa Bi Mkubwa ni hatua 11. Hatua ya kwanza iko gizani, kwa sababu swichi iko mlangoni na si kitandani. Hatua ya 3 inakanyaga zulia dogo linaloteleza. Hatua ya 7 ni kizingiti cha sentimita 3, rangi moja na sakafu. Chooni, kiti kina urefu wa sentimita 38, chini kuliko goti lake, na anapoinuka mkono unatafuta cha kushika na kukuta chuma cha kutundikia taulo. Chuma hicho kilikuwa kimelegea upande mmoja. Alama ya mkono ilikuwa imechakaza rangi ukutani pembeni yake. Mzee alikuwa amekitegemea kwa miezi.

Zulia liliondolewa. Kizingiti kilichongewa mteremko wa mbao pande zote mbili na kupakwa rangi tofauti na sakafu. Taa mbili ndogo za LED zinazowaka zenyewe kukiwa giza ziliwekwa kwenye soketi njiani. Taa ya wati 1 ikiwaka saa 10 kila usiku haifikishi uniti 4 kwa mwaka. Watu hufikiri kubana umeme ni kuzima taa, lakini jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takribani theluthi tu ya mwanga unaopita katika jicho la kijana wa miaka 20, na miaka 79 ni pungufu zaidi. Mwanga wa mzee haubanwi.

Kiti cha choo kiliwekewa kipandisho hadi sentimita 45. Kipimo sahihi ni nyuma ya goti la mzee mwenyewe: akikaa, nyayo zote ziguse sakafu na mapaja yasielekee juu.

Chuma cha kushikia kinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa kikifungwa vibaya ni mtego. Unene wake uwe milimita 32 hadi 38, ili vidole vikizunguke. Nafasi kati yake na ukuta iwe karibu milimita 38, ili mkono ushike lakini kiwiko kisipenye na kunasa. Kibebe angalau kilo 113. Skrubu na fisha zake, yaani vile vishikizi vinavyotangulia kuingizwa kwenye tundu la ukuta, ziingie kwenye tofali au zege, zipite kigae na plasta yake. Fisha iliyoishia kwenye plasta huonekana imara wiki ya kwanza, kisha hung'oka siku mzee anapoihitaji kwa uzito wote. Tofali la tundu linahitaji fisha ndefu za aina yake. Fundi akimaliza, akiegemee kwa uzito wake wote mbele yako. Akisita, kazi haijaisha.

Lilipendekezwa pia kiti cha haja cha kuweka kando ya kitanda. Bi Mkubwa alikikataa, na uamuzi wake ukaheshimiwa. Ni chumba chake.

Mwili nao ulipewa kazi: kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara 5 hadi 8 kwa mzunguko, mizunguko miwili kila siku, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. Kipimo ni hiki: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari ya kuanguka. Alianza na sekunde 19. Baada ya wiki 12 alikuwa na 15. Bado yumo kwenye hatari, na ndiyo maana chuma na taa vinabaki.

Kazi zote za nyumba ziligharimu mafungu 40 kwa mara moja. Ndugu wawili wadogo, ambao siku zote walisema hawawezi kuchangia kila mwezi, waligawana gharama hiyo. Hili ni jambo la kulijua katika vikao vya familia: asiyeweza kutoa kila mwezi mara nyingi anaweza kutoa mara moja, ila aonyeshwe kitu chenyewe na bei yake.

Kupanga upya saa za msaidizi

Saa 40 za wiki zilibadilishwa kuwa saa 28: saa 2 na nusu asubuhi za kuoga, kuvaa, kifungua kinywa, dawa na kupika, saa 1 na nusu jioni za chakula, dawa za usiku, kuandaa kitanda na njia. Siku 7 badala ya 5, kwani mzee huoga na kula Jumamosi na Jumapili pia, na zamani siku hizo mbili alikuwa peke yake kabisa.

Kwa hesabu ya moja kwa moja, 28 ya 40 ya mafungu 45 ni 31 na nusu. Lililipwa 33, na ni haki. Siku ya msaidizi ikikatwa vipande viwili, yeye ndiye anayebeba nauli na muda wa katikati. Akibebeshwa bure ataondoka, na kumpata mwingine ambaye mzee anamwamini kunachukua wiki nyingi. Mkataba uliandikwa ukurasa mmoja: saa, malipo, siku ya kupumzika, nani anashika nafasi yake akiugua, na kwamba hagusi kadi ya benki ya mzee. Sharti hilo la mwisho linamlinda yeye kama linavyomlinda mzee. Siku ya mapumziko hushikwa na ndugu kwa zamu, na zamu imeandikwa kwa majina kwa miezi mitatu mbele. Zamu isiyo na jina huishia kwa binti wa kwanza.

Mchana ukabaki mtupu. Hili lisifichwe. Lilizibwa nusu tu: simu ya kila siku saa saba mchana kutoka kwa mtoto wa mwisho, na jirani anayepita mara tatu kwa wiki.

Maji, umeme, safari

Bili ya maji ya 9 kwa mtu mmoja haikuwa ya kawaida. Funga mabomba yote, soma mita, subiri saa mbili bila kutumia maji, soma tena. Mita ikisogea, maji yanapotea ndani. Mkosaji wa kawaida ni tanki la choo: tia rangi ya chakula kidogo ndani ya tanki, usivute kwa nusu saa, rangi ikionekana bakulini, mpira wa kuziba chini ya tanki umekakamaa. Au boya limewekwa juu mno na maji yanamwagikia kwenye bomba la ziada. Usawa wa maji ubaki sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Mpira ulibadilishwa, bili ikashuka hadi 5.

Umeme ulishuka kutoka 14 hadi 10 kwa mambo mawili: friza kuukuu iliyokuwa ikigandisha hewa ilizimwa, na hita ya maji iliyowaka mchana kutwa na usiku kucha ikawekewa saa ya kuiwasha mara moja kwa siku. Joto la tanki lisipunguzwe chini ya nyuzi 60, kwa sababu ya bakteria wa lejionela. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde 5 hivi, kwa hiyo bombani yachanganywe kwanza. Kupasha nyumba joto penye baridi si mahali pa kubana: Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini ndani ya nyumba, na wazee huhitaji zaidi ya hapo.

Miadi mitatu ya hospitali ilipangwa siku moja. Usafiri ukawa 3. Fungu la nyumba, kwa upande wake, lilipandishwa kutoka 8 hadi 10, maana paa lilikuwa halijatengewa chochote.

Deni, na haki isiyodaiwa

Deni lilikuwa mafungu 90 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Katika marejesho ya 12, riba peke yake ilimeza 9. Asilimia 10 kwa mwezi husikika ndogo. Deni lisipolipwa kwa mwaka, kila 10 huwa 31. Baada ya mabadiliko, matumizi yalifika 113 pamoja na marejesho, pengo likawa 13. Binti aliendelea kutoa 26 zake zilezile: 13 zikaziba pengo, 13 zikaongezwa kwenye deni. Kwa marejesho ya 25 deni lilikwisha katika mwezi wa tano wa kulipa hivyo. Kwa 12, hata kama asingekopa tena, lingechukua miezi 15. Ndiyo maana binti hakupunguza mchango wake siku pengo lilipopungua.

Jambo la mwisho lilikuwa ndani ya bahasha ya marehemu. Mume wa Bi Mkubwa alikuwa na pensheni ya kazini, na sheria za mfuko wake zilimpa mjane sehemu ya pensheni hiyo. Alifariki miaka minne iliyopita, hakuna aliyeomba. Familia hudhani mfuko utawatafuta, lakini mfuko husubiri ombi.

Ombi lilikwama kwa sababu ya kawaida kabisa: jina la Bi Mkubwa kwenye cheti cha ndoa lina herufi moja tofauti na la kitambulisho. Dawa yake ni hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ila mpangilio ndio wenye thamani: wasilisha ombi kwanza hata kama karatasi hazijakamilika, pata muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, ndipo ushughulikie kiapo. Mifuko mingi huhesabu malimbikizo kutoka tarehe ya ombi, na huweka ukomo wa kurudi nyuma. Katika kisa hiki ukomo ulikuwa miezi 12. Miezi 36 ya kwanza ilipotea moja kwa moja.

Malipo ya 11 kwa mwezi yalianza mwezi wa saba baada ya ombi, pamoja na malimbikizo: miezi 19 kwa 11, mafungu 209. Pato likawa 111, matumizi bila deni 101.

Zile 209 ziliwekwa akiba katika akaunti ya Bi Mkubwa mwenyewe, si ya pamoja. Akaunti ya pamoja huweza kumfanya mtoto mmoja kuwa mmiliki siku mama akifariki, na ugomvi huanzia hapo. Binti alipewa hati ya uwakili, na ndugu wa pili huona taarifa ya benki kila mwezi. Hati iandikwe mzee akiwa na akili timamu, na mwanasheria aulizwe swali moja mahususi: je, itaendelea kufanya kazi mzee akipoteza uwezo wa kuamua? Katika nchi nyingi hati ya kawaida hufa wakati huohuo inapohitajika.

Nyumba

Hesabu ya kuuza ingekuwa hivi. Nyumba ingeleta 4,000 baada ya gharama zote. Makao ni 190, pato ni 100, pengo 90 kwa mwezi. 4,000 kugawanya kwa 90 ni miezi 44. Bi Mkubwa angefika miaka 83 bila nyumba na bila fedha, na ada za makao hazikai pale zilipo. Mkopo wa kuweka nyumba rehani na kulipwa baada ya kifo nao ulitazamwa na kuachwa: kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka deni hujizidisha mara mbili ndani ya miaka 8. Kukodisha chumba kimoja kungeleta karibu 15, na mpangaji mwema ni masikio ya usiku, lakini Bi Mkubwa hakutaka mgeni kabla hajapata nguvu za kumkatalia mtu jambo ndani ya nyumba yake.

Msaidizi wa usiku hakuajiriwa. Kila miezi mitatu familia hurudia karatasi tatu, daftari, jedwali la saa na orodha ya dawa, na imeandika mapema dalili zitakazofungua mjadala upya: kuanguka tena hata bila kuumia, kutoka nje usiku bila kujua anakokwenda, kuhitaji watu wawili kumwinua, uzito kushuka chini ya kilo 57, au msaidizi kusema mwenyewe kwamba saa 28 hazimtoshi. Lolote kati ya hayo likitokea, mafungu 190 ya makao yatarudi mezani, na nyumba ya 4,000 itakuwa bado ipo kuyalipa.